Chafya ya Mama Bahram

Ramani niliitandaza sakafuni, juu ya zulia la sebuleni, nikazibana pembe zake kwa bilauri za chai kwa sababu feni ya dari ilikuwa ikizipeperusha. Ni ramani ya zamani, iliyobandikwa kitambaa mgongoni isichanike, ambayo niliitumia darasani miaka yote niliyokuwa mwalimu mkuu hapa Ahvaz. Mjukuu wangu Nastaran alikuwa na simu mkononi, na simu yake hujua kuelekeza njia kwa kusema. Nilimwambia kuwa katika nyumba hii safari hupangwa kwa jicho na kidole, si kwa kufuata sauti ya mwanamke ambaye hatujui kwao.

Akacheka. Nami nikainama kwenye ramani zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu majina ya miji yalikuwa yakielea.

Kidole changu kilianza Ahvaz, kikapanda hadi Andimeshk, kikavuka milima ya Lorestan hadi Khorramabad, kikapita Hamadan na Zanjan, kikatua Ardabil chini ya mlima Sabalan, ambako hata kiangazi kikiwa kimekolea watu hulala na mablanketi. Huko ndiko tulikokuwa tukienda kupiga hema malishoni mpaka joto livunjike, kama tulivyokuwa tukifanya mwanangu Bahram alipokuwa mdogo. Enzi hizo tulikwenda kwa starehe. Mwaka huu tulipanga kwenda kwa sababu mke wangu Golandam alikuwa amepungukiwa na pumzi. Daktari wa mapafu alituambia waziwazi: vumbi la mwezi wa Tir, kiangazi kikianza, lisimkute mama huyu hapa mjini. Hakusema litamfanya nini. Aliitazama picha ya mapafu yake ukutani, akavua miwani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu ya kwanza, na kila mtu nyumbani aliijua. Hofu ya pili ilikuwa yangu peke yangu.

Kati ya Andimeshk na Khorramabad pana barabara kuu mpya, pana na nzuri, inayopenya milima kwa mahandaki. Wiki chache baada ya Nowruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, tulikuwa tukirudi kutoka Khorramabad, kwenye arobaini ya kaka yangu, tukaingia kwenye handaki mojawapo kutoka katika jua kali la adhuhuri. Sikuona kitu. Sisemi kwamba niliona kwa shida. Nilikuwa kama mtu aliyevikwa gunia kichwani. Taa za ukutani zilikuwa madoa ya manjano yaliyotapakaa kama mafuta juu ya maji. Niliushika usukani jinsi ulivyokuwa, nikangoja macho yazoee giza, na hayakuzoea. Honi ya lori ililia ubavuni pangu, ndefu, ikatupita karibu mno hata gari likayumba. Golandam, aliyekuwa kando yangu akimenya tango, alisema kwa sauti ndogo, “Ya Abulfadhli,” kilio chetu cha wakati wa hatari, basi. Tulipochomoza upande wa pili tango lilikuwa limekatika mkononi mwake, na chumvi ilikuwa imemwagika kwenye mapaja yake.

“Vumbi la humo ndani baya,” alisema, akijipangusa. “Hata mimi sikuona.”

Nilimjibu kuwa ni kweli, serikali haiyasafishi mahandaki yake. Hatukulizungumza tena.

Mimi si mtu wa kuogopa hovyo. Wakati wa vita, mabomu yalipokuwa yakiuangukia mji huu, nilisahihisha insha za wanafunzi chini ya ngazi kwa mwanga wa mshumaa, na wino wangu haukutetemeka. Lakini tangu siku ile handaki lilikuwa likinijia mezani, msikitini, kwa kinyozi. Nililiona jeusi, nasi tukilikimbilia.

Kwa hiyo kidole changu kiliiacha barabara kuu, kikashika njia ya zamani inayojipinda pamoja na mto.

“Babu, njia hiyo hata mbuzi wameihama,” Nastaran alisema.

“Mbuzi hawaendi Ardabil.”

“Na Bibi atazistahimili kona zote hizo? Nipe mimi usukani. Nitawapitisha barabara kuu, tufike Khorramabad barafu haijayeyuka kwenye jagi.”

Nastaran ana leseni. Amekulia mikononi mwetu tangu wazazi wake walipoachana, anasomea uhandisi, na kila siku hulipenyeza gari katika msongamano wa Ahvaz ambako hata polisi husali kabla ya kuvuka. Hata hivyo nilimwambia kuwa yeye ni dereva wa kwenda chuoni na kununua mkate, na kwamba mlima hauendeshwi na mtoto wa kike aliyezoea taa za barabarani. Akainamisha kichwa. “Utakavyosema, Babu.” Alisema kwa adabu kamili, na adabu ile ilinichoma kuliko jeuri.

Golandam alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na mpira wa mashine ya oksijeni ukipita chini ya pua yake. Alisema tu kwamba nisiingiliwe, nimepanga safari nyingi. Alipokuwa akisema hivyo hakuitazama ramani. Alikuwa akiyatazama macho yangu.

Siku hizo za matayarisho zilikuwa mateso. Nilipokwenda stoo kuchukua hema, nilitoka uani kwenye mwanga mweupe, nikaingia mlangoni, nikasimama. Giza lilinifumba. Nilijua kwamba mbele yangu pana rafu, na juu ya rafu pana hema, jiko dogo la gesi, mishikaki na zulia letu la safari, nilivipanga mwenyewe. Nilinyoosha mkono kama kipofu, nikagusa kitu chenye baridi, nikashtuka kama mtoto. Kilikuwa birika. Huko nje Golandam aliuliza kama nimelipata hema. Nilimjibu kuwa nalikagua kama limeliwa na panya. Nilibaki mle ndani nikifikiri kwamba ndani ya handaki hakuna rafu ya kupapasa.

Tena nilijua kwamba kuikwepa barabara kuu kulikuwa kujidanganya. Njia ya zamani nayo ina mahandaki yake, mafupi na yasiyo na taa. Hakuna njia ya kwenda kaskazini isiyotoboa mlima mahali fulani.

Siku ya kuondoka tuliamka kabla ya jua. Gari letu, Samand ya rangi ya fedha, lilikuwa limejaa mpaka dirisha la nyuma: hema na magodoro, jagi kubwa la maji ya barafu, mkate mkavu, jibini, matango, tikiti maji lililoviringishwa katika taulo mbichi, na mtungi mdogo wa oksijeni wa kumtosha Golandam njiani. Jirani yetu Ummu Jasim alikuja na Kurani mkononi na bakuli la maji lenye majani ya mchungwa, ili tupite chini ya Kitabu, kisha amwage maji nyuma ya gari turudi salama. Nilipita mimi, akapita Nastaran. Golandam akapita wa mwisho, akaweka mguu mmoja ndani ya gari.

Akapiga chafya. Moja.

Ummu Jasim aliteremsha bakuli. “Subira imekuja,” alisema.

Hakuna mtu katika nchi yetu, awe profesa au mchunga kondoo, asiyelijua jambo hili. Chafya moja mlangoni ni amri ya kungoja. Ya pili ikifuata, ni ruhusa ya kuondoka, tena kwa haraka. Nilipokuwa mwalimu nilisimama mbele ya vizazi vya wanafunzi nikawafundisha kwamba chafya ni kazi ya pua na haijui ratiba ya mtu. Na mwanafunzi aliyechelewa kwa kisingizio cha chafya alisimama kwenye kona kwa mguu mmoja. Wote watatu walinigeukia, wakingoja nicheke na kuwasha gari.

Nilingoja chafya ya pili, na haikuja. Ndipo nikahisi kitu kikilegea kifuani mwangu, kama mkanda uliofunguliwa. Leo hakuna handaki. Nilisema kuwa desturi za wazee nazo zina heshima yake. Golandam akanitazama kitambo, akasema kwamba kweli asingependa kuondoka na subira mgongoni, tungoje wiki igeuke. Nastaran aliteremsha barafu na matango. Mengine tuliyaacha garini.

Asubuhi hiyo nilikunywa chai yangu kwa utulivu ambao sikuwa nao kwa muda mrefu. Kisha nikamsikia Golandam akipanda vidato viwili vya kwendea chumbani, akipumzika kati ya cha kwanza na cha pili, na chai ikawa chungu mdomoni.

Wiki ilipogeuka tulijaribu tena. Kurani, bakuli, majani ya mchungwa. Safari hii Golandam alijifunika pua kwa ncha ya mtandio wake kwa sababu ya vumbi jepesi lililoanza kuelea, na kabla hajafika kwenye mlango wa gari chafya ilitoka chini ya mtandio, ndogo na kavu. Moja. Ummu Jasim alimwaga maji kwenye mti, akaenda zake nyumbani akisoma dua.

Mchana Bahram alipiga simu. Yeye yuko kwenye mitambo ya gesi Asaluyeh na asingepata likizo mpaka mwisho wa kiangazi. Nastaran, binti yake, alikuwa amekwisha kumpasha habari.

“Baba, si wewe uliyenisimamisha kwa mguu mmoja mbele ya darasa zima kwa ajili ya chafya?” alisema. “Nilikuwa mwanao na hukunionea huruma. Leo Mama anapiga chafya, na Samand nzima inarudi uani?”

Nilimwambia achunge ulimi. Akapunguza sauti. Alisema daktari amempigia yeye mwenyewe, na kwamba watabiri wa hali ya hewa wanasema vumbi zito liko njiani kutoka magharibi. Nimwache Nastaran aendeshe, alinisihi, kama mimi nimechoka. Neno hilo, kuchoka, lilikuwa zulia alilonitandikia nipite juu yake bila kukanyaga aibu. Nilikataa kulikanyaga. Nilimjibu kuwa nyumba hii ina dereva mmoja, nikakata simu. Kisha nikakaa na simu mkononi nikiogopa kuondoka na kuogopa kubaki, na hofu hizo mbili zikinivuta kila moja upande wake.

Vumbi halikungoja nichague.

Lilikuja siku iliyofuata baada ya sala ya adhuhuri. Upande wa magharibi mbingu iligeuka rangi ya tofali, kisha rangi ya chai iliyochacha, na mitende ya uani ikapotea mmoja baada ya mwingine. Nastaran alikimbia kutoka mlango hadi mlango akiziba nyufa kwa taulo zilizoloweshwa. Bado lilipenya. Nililiona likisimama hewani sebuleni, nikalionja kwenye meno.

Umeme ukakatika. Mashine ya oksijeni ilitoa mlio mmoja mrefu, ikanyamaza.

Golandam alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Hakuwa akilia wala kuita. Alikuwa akifanya kazi ya kupumua, na kazi ilikuwa ikimshinda. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nastaran alipiga simu ya gari la wagonjwa, akaambiwa mji mzima unapiga simu hiyo hiyo, tungoje. Alinitazama. Nikachukua ufunguo kwenye msumari wake.

Hakuna aliyenizuia, na mimi sikujizuia. Mkono wangu ulikuwa umezoea kuuchukua ufunguo ule. Tulimbeba Golandam hadi kwenye gari, tukamweka kiti cha nyuma. Nastaran akachomoa mtungi mdogo kati ya magodoro ya safari, akamvika kinyago, akakaa kando yake. Niliwasha gari, nikatoka getini.

Mtaa haukuwepo. Niliwasha taa, na taa zikaupiga ukuta wa kahawia, zikanirudia usoni. Handaki lilikuwa limenifuata mpaka mlangoni kwangu, likameza mji mzima.

“Twende, Babu,” alisema Nastaran. Kisha, kwa sauti nyingine: “Babu, nguzo.”

“Nguzo ipi?”

Hakunijibu. Kimya kilichofuata ndicho kimya kibaya kuliko vyote nilivyowahi kusikia, kwa maana ndani yake mjukuu wangu alikuwa akielewa. Niliinama mpaka kidevu kikagusa usukani. Sikuiona nguzo. Sikuiona barabara. Mguu wangu, sijui kwa kiburi au kwa hofu, ulianza kuachia klachi.

Nyuma yangu mtu alipiga chafya. Moja.

Niliinua macho kwenye kioo cha ndani, na kioo kilikuwa karibu. Kitu cha karibu hivyo bado nilikiona. Golandam alikuwa amekiteremsha kinyago kwa mkono wake mwenyewe. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na macho yake yalikuwa wazi, makavu, yamenikazia moja kwa moja. Nilifundisha somo la viumbe hai miaka mingi. Niliwaambia wanafunzi wajaribu, nao walijaribu, wakacheka: hakuna mtu apigaye chafya na macho yake yakabaki wazi.

Mwanamke yule hakuwa na pumzi ya kutosha kusema jina la mtoto wake, naye alikuwa ameitumia pumzi ile kuniigizia chafya. Hakutaka kuniambia mbele ya mjukuu wangu kwamba sioni.

“Subira, Baba Bahram,” alisema. Ilikuwa midomo tu, sauti haikutoka.

Nilivuta breki ya mkono. Nilishuka katika vumbi, nikalipapasa gari kwa kiganja mpaka mlango wa nyuma, nikaufungua.

“Nastaran,” nilisema, “njoo mbele.”

Alishuka. Nilikaa mahali pake, nikamrudishia Golandam kinyago, nikaushika mtungi. Vidole vyake vilinishika kifundo cha mkono na havikuachia. Nastaran aliendesha taratibu akiwa amefungua dirisha na kutoa kichwa nje, mtandio umefungwa puani, akilifuata ukingo wa barabara. Nilimsikia akijisemea: hapa duka la mkate, hapa mzunguko, hapa daraja. Mto Karun tuliuvuka bila kuuona. Katikati ya daraja kulikuwa na magari mawili yaliyogongana, akayakwepa, nami nikaona vivuli tu vikipita kioo kwa kioo, nikajua kwamba kama ningekuwa mimi, tungekuwa gari la tatu.

Hospitali ilikuwa imefurika. Watu walikuwa wamelala kwenye korido, watoto kwa wazee. Daktari kijana alimtazama Golandam mara moja, akamsukuma ndani mbele ya wengine, na mlango ukafungwa. Nilisimama mbele ya mlango ule. Sikuwa na ramani wala amri ya kumpa mtu yeyote. Nilisema maneno ninayoyajua ya kumwomba Mungu, na yalipokwisha nikayaanza tena, na Nastaran, uso wake ukiwa na vumbi mpaka kwenye kope, alisimama karibu nami bila kunigusa, kama mtu anavyosimama karibu na mgeni mwenye msiba.

Jioni walituruhusu kuingia. Alikuwa amelazwa na kinyago kikubwa, na rangi ilikuwa imeanza kurudi midomoni. Nastaran alikwenda kutafuta maji. Nilivuta kiti.

“Zile za mlangoni,” nilisema. “Zote zilikuwa hivyo?”

Alitikisa kichwa. Alikiinua kinyago kidogo.

“Ya kwanza ilikuwa ya kweli. Pua iliniwasha, basi.” Akapumzika. “Nikaona uso wako ulivyofurahi. Ndipo nikajua kwamba nawe unaliogopa lile handaki kama ninavyoliogopa mimi.”

“Na ya pili?”

“Ya pili niliipika.”

“Ungekufa kwa vumbi, Mama Bahram.”

“Labda. Lakini kule tungekufa sote, na yule binti pamoja nasi.” Akafumba macho. “Nilidhani utasema mwenyewe. Kila asubuhi nilidhani leo atasema. Una kichwa kigumu, Baba Bahram. Wanafunzi wako hawakukusingizia.”

Nilikirudisha kinyago chake mahali pake. Kama ningemjibu, angelazimika kukivua tena ili anijibu.

Kabla hatujaruhusiwa kwenda nyumbani Nastaran alinipeleka, kwa adabu yake ile ile, kwenye chumba cha daktari wa macho ghorofa ya chini. Daktari alinimulika, akasema mtoto wa jicho, yote mawili, la kushoto limekomaa. Upasuaji ungefanyika vuli. Mpaka wakati huo nisiendeshe. Nilimwuliza kama kutembea naruhusiwa. Akasema ndiyo, mchana.

Vumbi lilipotulia, tuliondoka. Ramani sikuitandaza. Nastaran aliamua tupite barabara kuu, kwa kuwa Golandam asingestahimili kona, nami sikubisha. Ummu Jasim alikuja na Kurani na bakuli. Tulipita mmoja mmoja. Golandam alipoweka mguu ndani ya gari sote tulisimama, na Ummu Jasim akazuia pumzi.

“Bibi,” Nastaran aliuliza kutoka kwenye usukani, “pua inasemaje?”

“Imestaafu,” alijibu Golandam. “Washa gari.”

Maji yalimwagwa nyuma yetu. Nilikaa kiti cha mbele, upande ambao katika ndoa yangu yote sikuwahi kukaa, na miguu yangu ilikuwa ikitafuta breki isiyokuwepo. Baada ya Andimeshk joto lilianza kulegea na milima ikainuka. Nilikuwa nikilingoja handaki. Nilijua linakuja kwa jinsi mwanga ulivyobanwa pande zote mbili, na kisha nikaliona mbele, doa jeusi chini ya mwamba, likikua.

Nilishika kishikio cha mlango. Nilitaka kumwambia apunguze mwendo, asimame, ageuze gari, na nilijua kwamba katika miaka yangu yote ya amri hii ndiyo amri ambayo sikuwa na haki ya kuitoa. Giza likatufunika. Madoa ya manjano yakatapakaa. Mahali fulani karibu nasi pakanguruma kitu kikubwa.

“Sioni kitu,” nilisema.

Sikuwahi kulitamka neno hilo. Lilitoka likiwa dogo kuliko nilivyodhani.

“Mimi naona, Babu,” Nastaran alisema. Hakugeuka. “Mbele yetu kuna lori la matikiti maji. Taa yake moja haiwaki. Naliacha litangulie.”

Kutoka nyuma mkono ulinipapasa begani, ukashuka, ukakitafuta kiganja changu, ukaweka ndani yake kipande cha tango chenye chumvi. Nilikishika. Sikuweza kukila. Kisha mwanga ukatupiga usoni, mweupe, unaoumiza, na lori la matikiti lilikuwa pale pale aliposema lipo.

“Yamebaki mengi?” Golandam aliuliza.

“Mengi, Bibi.”

Nilimwambia mjukuu wangu kwamba kila tutakapoingia, ataje kila anachokiona, asiache kitu, hata kama ni ukuta. Aliketi vizuri. Handaki la pili lilikuwa limekwisha kufungua mdomo mbele yetu, naye akaanza kuisoma barabara kwa sauti, wazi na bila haraka, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni na anayelijua somo lake.